Mbona Mtoto Anageuza Uso?

Mama mmoja jirani yangu alinijia na mwanawe wa miezi 4, uso umemshuka. Alikuwa amemnunulia mdoli mwekundu. Siku ya kwanza mtoto aliukodolea macho. Siku ya tatu anautupia jicho mara moja na kugeukia dirishani. "Dada, huyu mtoto ana akili kweli?" akaniuliza.

Anayo, mama. Tena huenda anageuka kwa sababu mdoli ule ameshaukariri.

Mwaka 1964 mtaalamu wa Marekani, Robert Fantz, aliwaonyesha watoto wachanga picha zilizokatwa magazetini, mbili mbili. Moja ilikuwa ile ile kila mara, nyingine mpya. Waliopita umri wa miezi 2 walizidi kuipuuza ile ya zamani na kutazama mpya. Asiyekumbuka angejuaje kwamba hii ni ya zamani?

Siku hizi wataalamu hutazama hata yanayotendeka kichwani. Mtoto hupakatwa na mama yake, akavishwa kofia laini yenye vipokezi vidogo vinavyopima umeme hafifu wa ubongo. (Usiogope, kofia haimtii mtoto umeme, inapokea tu unaotoka kwake.) Picha inapotokea, baada ya kama nusu sekunde hivi wimbi huonekana sehemu ya mbele na katikati ya kichwa. Mwaka 2005 Greg Reynolds na John Richards walipima pia moyo. Mtoto anapozama katika kutazama, mapigo ya moyo hupungua, na wakati huo huo wimbi lile huwa kubwa zaidi. Macho yakiwa yamekodoka lakini moyo haujatulia, wimbi huwa dogo. Kumbe kukodoa macho ni jambo moja, na kuzingatia ni lingine!

Na uso wako je? Mwaka 1997 Michelle de Haan na Charles Nelson walikuta kwamba ubongo wa mtoto wa miezi 6 huitikia picha ya mama yake tofauti na picha ya mwanamke asiyemjua.

Basi usimlazimishe kutazama kitu alichokichoka, wala usimtikisie vitu vitano kwa pamoja. Mpe kimoja, mwache akimalize. Akigeuka, pumzika naye. Kwa mchanga kabisa, sogeza uso wako karibu, sentimita 20 hadi 30, kwani mbali zaidi haoni vizuri. Wakati wa kunyonyesha mko hapo hapo bila kununua kitu.

Lakini kugeuka baada ya kutazama si sawa na kutotazama kabisa. Mtoto wa miezi 3 asiyefuata uso wako kwa macho unaposogea, mpeleke kliniki. Na ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho, hata kwenye picha ya kamera tu, usingoje tarehe ya chanjo. Nenda hospitali kesho asubuhi.