Ndugu wa Porini wa Ua la Barazani



Bila shaka wengi wenu mmeyaona maua ya jerania yanayopandwa katika makopo barazani. Leo nawajulisha ndugu yake wa porini, asiyemwagiliwa maji na mtu. Wataalamu humwita Pelargonium sidoides, na kwao ni Afrika ya Kusini na Lesotho.

Majani yake yana umbo la moyo, ni laini kama mahameli. Maua yake ni madogo, mekundu sana hata yakaribia kuwa meusi. Lakini mali yake imo chini ya ardhi: mizizi minene kama viazi, nje myeusi, ndani myekundu. Moto ukipita mbugani, au kiangazi kikizidi, majani hufa, bali mzizi hungoja mvua ukachipua tena. Tangu zamani Waxhosa na Wasotho huuchemsha, wakawanywesha wenye kukohoa na wenye kuhara.

Basi, mwaka 1897 kijana mmoja Mwingereza, Charles Henry Stevens, aliambiwa ana kifua kikuu, akaenda Afrika ya Kusini kutafuta afya. Mganga wa Kisotho alimpa dawa ya mzizi huo, naye akapata nafuu. Aliporudi kwao akaanza kuiuza kwa jina lake mwenyewe. Chama cha Madaktari cha Uingereza kilimwita laghai. Akakishtaki, na mwishowe akashindwa. Hata hivyo dawa haikupotea. Daktari Sechehaye wa Geneva, aliyekuwa mmisionari zamani, aliwapa wagonjwa wake tangu mwaka 1920, na baadaye Wajerumani wakaifanya dawa ya kikohozi ya chupa.

Kampuni ya Kijerumani iitwayo Schwabe ikapata hataza, yaani haki ya kuwa peke yake katika njia ya kuitengeneza. Ndipo watu wa Alice, mji mdogo wa Afrika ya Kusini, wakisaidiwa na watetezi wao, wakapinga. Walisema: Hili si jambo jipya, babu zetu walilijua. Mwezi wa Januari 2010 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikaifuta hataza hiyo. Wanyonge walisema, wakasikilizwa.

Tujifunze nini, ndugu zangu? Kwanza, nafuu ya Stevens isimdanganye mtu. Chupa zile ni za kikohozi cha kawaida, si za kifua kikuu. Mtu wa nyumbani mwako akikohoa majuma mawili, mpeleke zahanati apimwe makohozi. Kifua kikuu cha kawaida hupona kwa vidonge vinavyomezwa miezi sita bila kukatiza. Anayeacha kwa kuwa ameona nafuu hujidhuru, tena huwadhuru watoto wake.

Pili, bei ilipopanda, wachimbaji walivamia mbuga, wakang'oa mizizi iliyokua kwa miaka mingi. Ukichimba mzizi wa dawa, usimalize wote. Bakiza kipande ardhini, ufukie shimo. Anayechimba yote leo, kesho mwanawe atachimba udongo mtupu.

Tatu, ulizeni wazee wenu majina ya miti na kazi zake, mkayaandike katika daftari. Watu wa Alice walishinda kwa sababu bado walikumbuka.

Kwaherini mpaka juma lijalo.