Chuo cha Umma, Umma wa Nani?

Kuna uongo mtamu unaozunguka kwenye magrupu ya vijana wanaotaka kusoma Marekani: eti vyuo vya binafsi ni vya matajiri, kwa hivyo mtoto wa maskini mwenye akili aombe chuo cha umma. Hapa kwetu hesabu hiyo inaingia akilini. Kule ni mtego, na wanaouza ndoto hiyo kwa ada ya ushauri wanajua fika.

Tuanze na neno lenyewe. Umma wa chuo cha umma cha Marekani si Wamarekani wote. Ni watu wa jimbo moja. Mtoto wa Ohio akivuka mpaka kwenda Michigan ni mgeni, na bei yake ni ya mgeni. Sasa wewe wa Kayole au Bamburi utakuwa nani? University of Michigan humtoza mkazi wa jimbo anayeanza masomo kama dola 18,000 kwa mwaka. Asiye mkazi hutozwa zaidi ya 60,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni saba na nusu, na bado hujala, hujalala, hujapanda ndege.

Halafu kuna mlango wenyewe. Huko Texas, asilimia 90 ya nafasi za mwaka wa kwanza katika chuo cha Austin zimetengewa wakazi wa jimbo. North Carolina iliweka kikomo cha asilimia 18 kwa watu wa nje mwaka 1986, na kwa miongo kadhaa Chapel Hill ikaishi na kikomo hicho. Kwa hivyo ukiambiwa chuo fulani huchukua mmoja kati ya watano, usishangilie. Uliza: watano gani?

Kwa hilo sina ugomvi nao. Mlipakodi wa Texas alijenga chuo chake, ana haki ya kumtanguliza mwanawe. Kinachoudhi ni kwamba vyuo hivi vimegeuza mgeni kuwa kisima. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, majimbo mengi yalikata fedha za elimu ya juu, na vyuo vingi vikaziba pengo kwa karo ya watu wa nje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wanakupa jembe siku ya kwanza, kisha wanakuuzia.

Tazama California. Mwaka 2016 mkaguzi wa jimbo alisema University of California imewaumiza wenyeji kwa kupokea watu wengi wa nje. Mwaka huohuo chuo kikaacha kuwapa wanafunzi wapya wa nje ya jimbo ruzuku yake ya wenye uhitaji. Kwa ufupi: mwenyeji anakununia kwamba umemnyang'anya nafasi, chuo kinachukua pesa zako, na ukiishiwa, pole.

Msaada ule mkubwa wanaoutangaza pia una mwenyewe. Mpango wa Michigan wa kuwalipia karo wenye kipato kidogo ni wa wakazi wa Michigan. Chapel Hill na University of Virginia huwasaidia Wamarekani wa majimbo mengine kulingana na uhitaji, na hongera kwao, lakini mwenye viza ya mwanafunzi hayumo. Ruzuku na mikopo ya serikali kuu? Hayumo vilevile.

"Lakini mjomba yuko Dallas." Sawa, atakupokea airport. Ukazi haurithiwi kwa mjomba. Kwa kawaida lazima uishi jimboni mwaka mzima na uonyeshe kwamba ulikuja kuishi, si kusoma. Viza yako inasema kinyume.

Na tusijione bora sana. Mfumo wetu wa ufadhili wa 2023 umeleta maandamano na kesi mahakamani, na basari ya CDF bado inauliza unatoka eneobunge gani. Lakini mtoto wa Lodwar na wa Lang'ata wakisoma kozi moja University of Nairobi, hakuna anayepandishiwa karo kwa sababu ya kaunti yake. Swali la "familia ina uwezo gani", hata likiulizwa vibaya, ni la haki kuliko "umetoka wapi". Tulilinde hilo.

Kuna vighairi, ndiyo. University of Alabama huwapa wageni wenye alama za juu punguzo kubwa la karo. Na cha kuchekesha, baadhi ya vyuo vya binafsi vya matajiri, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humchagua mgeni bila kuangalia mfuko wake, kisha hujaza pengo lote la uhitaji wake. Kuingia ni kugumu ajabu, lakini ukiingia unasoma.

Kwa hivyo, kabla ya kulipia fomu, andikia chuo maswali mawili. Je, mnamsaidia asiye raia kulingana na uhitaji? Nitabaki kulipa ngapi kila mwaka kwa miaka minne? Jibu likizungukazunguka, hilo ndilo jibu. Na ajenti akikwambia uanze na barua ya kukubaliwa, pesa zitajipanga baadaye, muulize ni shamba la nani litauzwa, lake au la mama yako.