Kuvu Inayoua Wadudu

Wanachama wetu kadhaa wametuandikia wakitaka Chama kinunue dawa kali ya kunyunyiza mashambani, kwani mchwa wamewamalizia miche. Uchungu wao twaujua; mkarafuu hungojewa miaka mingi kabla ya kuchumwa hata pishi moja. Walakini twaona tusifanye haraka. Sumu haichagui: humwua mchwa ikamwua na majimoto, ambaye wachumaji humlaani, naye ndiye mlinzi wa minazi yetu.

Iko kuvu iitwayo metariziamu. Vumbi lake la kijani humganda mdudu mwilini, likachipua, likamtoboa ngozi na kumla kwa ndani hata akafa. Metchnikoff aliikuta katika mdudu wa ngano mwaka 1879, huko Odessa. Na Bara, mwaka 2009, ilinyunyizwa juu ya nzige wekundu Rukwa, Katavi na bonde la Malagarasi.

Si mwujiza. Huua polepole, pengine wiki nzima au zaidi. Jua kali huiharibu. Na mchwa wana hila, mwenzao akiugua humfukia. Lakini ndani ya shimo la mche, penye kivuli na unyevu, yastahili kujaribiwa kabla fedha za Chama hazijakwenda kwa muuza sumu.

Aina ya nzige siyo ya mchwa. Tutawauliza mabwana shamba ipi itufaayo. Aliye tayari kutoa safu mbili za miche, moja yenye kuvu na moja bila, atuletee jina lake kabla ya mvua za vuli.