Chenso kuukuu si ya mizani

Kuna aliyeandika wiki iliyopita akitaka chenso zote kuukuu, pamoja na pampu za maji na mashine za kukatia majani, ziuzwe kwa kilo kwenye vyuma chakavu, eti si salama na fundi wa nyumbani haziwezi. Angefungua kabureta moja ya chenso kwanza. Ndani mna kiwambo chembamba kama ganda la kitunguu. Kikikakamaa, mashine inawaka vizuri, ukipiga resi inazima. Unabadilisha kiwambo, unazibua vijitundu, unafunga. Huhitaji karakana kwa hilo.

Zile Stihl 070 za sentimita za ujazo 106 zinazopasua mbao huku kwetu ni kongwe, na bado zinanguruma. Kinachoziua ni petroli tupu. Injini ya mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli yenyewe. Ukisahau kuchanganya, inanoki. Mpya nayo itanoki vilevile, tena kwa bei yake!

Kwenye usalama nampa haki yake, nusu. Nyingi za zamani hazina breki ya mnyororo, na plagi mpya haitibu hilo. Lakini hiyo ni hoja ya breki. Pampu ya maji na mashine ya kukatia majani amezitia kapu hilohilo kwa kosa gani?