Huwezi Kumwazima Mtu Mali Yake

Mwezi uliopita, katika kipindi cha maadili, tulifika kwenye swali ambalo Mtakatifu Thoma wa Akwino analijadili kwa utulivu wake wa kawaida: aliyechukua kitu cha mtu, je, ni lazima akirudishe? Jibu lake ni fupi. Ni lazima, na jambo hilo linagusa wokovu wenyewe. Majuto hayatoshi ikiwa ng'ombe wa jirani bado yumo zizini mwako. Tuliandika, tukafunga madaftari, tukaenda kula.

Mezani ndipo mambo yalipoanza. Frateri mwenzetu alikuwa amesoma habari za dhahabu ya Kumasi, kule Ghana. Mwaka 2024 makumbusho mawili ya London, British Museum na Victoria and Albert Museum, yalipeleka huko vitu 32 vya ufalme wa kale wa Ashanti, vingi vikiwa vimeporwa katika vita vya karne ya 19. Alisimulia kwa furaha, nasi tukafurahi pamoja naye, mpaka alipofika kwenye masharti. Vitu vile havikurudishwa. Vimeazimwa kwa miaka mitatu, na muda huo unaweza kuongezwa mingine mitatu. Kuanzia hapo hakuna aliyekumbuka maharage yake. Tulibishana mpaka kengele ya sala ya usiku, na makala hii ni mabaki ya ubishi ule.

(Wenyewe hujiita Asante. Kwa kuwa kwetu neno hilo ni la shukrani, na hapa hatuna mtu wa kumshukuru, tutaandika Ashanti.)

Ili tuelewane, ni lazima kwanza tumkumbuke kijana mmoja. Prempeh alitawazwa kuwa Asantehene, yaani mfalme wa Waashanti wote, mwaka 1888, akiwa bado hajafikisha miaka 20, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuwa vimeichosha nchi. Alianza kuiunganisha upya. Mwaka 1891 Waingereza, waliokuwa wameshika pwani, walimtaka akubali kuwa chini ya ulinzi wao. Alikataa kwa adabu: Ashanti ibaki kama ilivyokuwa, na iwe rafiki wa wazungu wote. Walipozidi kumbana, alituma wajumbe mpaka London kuzungumza na serikali ya Malkia. Hawakupokelewa. Huyu si mtu aliyekimbilia bunduki. Alijaribu njia zote ambazo mwanadiplomasia yeyote wa Ulaya angezijaribu.

Januari 1896 jeshi la Waingereza liliingia Kumasi bila risasi kupigwa, kwa sababu Prempeh aliwazuia watu wake wasipigane. Tarehe 20 mwezi huo, mbele ya umati wa raia wake, yeye na mama yake, Malkia Mama Yaa Akyaa, walilazimishwa kupiga magoti na kushika miguu ya Gavana William Maxwell. Kisha wakadaiwa wakia 50,000 za dhahabu papo hapo.

Deni gani hilo? Hapa ndipo wengi wetu tuliposhika vichwa. Mwaka 1874 jeshi jingine la Waingereza, chini ya Sir Garnet Wolseley, lilikuwa limeuchoma mji huohuo wa Kumasi, likapora ikulu na kuibomoa kwa baruti. Baada ya hapo Waashanti walitakiwa kulipa wakia 50,000 za dhahabu kufidia gharama za vita. Yaani nyumba yako inachomwa, vitu vyako vinabebwa, kisha unaletewa hesabu ya kiberiti. Prempeh alisema anaweza kutanguliza sehemu ndogo, iliyobaki ataimaliza polepole. Wakamkamata yeye, mama yake, baba yake, mdogo wake na baadhi ya machifu. Makaburi ya wafalme huko Bantama yakachomwa moto. Katika msafara ule alikuwemo ofisa aitwaye Robert Baden-Powell, ambaye miaka kadhaa baadaye alianzisha Skauti. Wale tuliopitia uskauti parokiani hatukuwahi kuambiwa habari hiyo.

Alifungwa kwanza katika ngome ya Elmina pwani, kisha akapelekwa Sierra Leone, na mwaka 1900 akavushwa mpaka visiwa vya Shelisheli, katika bahari hii yetu ya Hindi. Sababu ya kumpeleka mbali zaidi ilikuwa vita vilivyozuka mwaka huo. Gavana Frederick Hodgson alikwenda Kumasi akadai aletewe Kigoda cha Dhahabu akikalie. Kigoda hicho kwa Waashanti hubeba roho ya taifa zima. Hata mfalme hakikalii. Mwanamke mmoja, Yaa Asantewaa, Malkia Mama wa Ejisu, ndiye aliyewaongoza watu kupigana. Walishindwa, naye akahamishiwa Shelisheli. Lakini kigoda hawakukipata.

Prempeh alipokamatwa alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, yaani umri wa wengi wetu katika nyumba hii. Aliporudi Kumasi, Novemba 1924, alikuwa amepita miaka 50, umri wa mapadre wanaotufundisha. Miaka 28. Hebu kila frateri ahesabu mwenyewe: upadrisho, jubilei ya miaka 25 na karamu yake, vyote vingepita akiwa amefungiwa kisiwani kwa kosa la kutokuwa na dhahabu ya kutosha. Mama yake alifia huko mwaka 1917. Yaa Asantewaa alifia huko mwaka 1921.

Huko hakuwa peke yake, na wenzake tunawafahamu. Kabaka Mwanga wa Buganda, ambaye kila tarehe 3 Juni tunamtaja kwa habari za Mashahidi wa Uganda, alipelekwa Shelisheli pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, baada ya wote wawili kutekwa mwaka 1899. Mwanga alikufa huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja akiwa njiani kwenda kwao. Hata Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, aliyekamatwa Dar es Salaam wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alipitia visiwa hivyohivyo. Tumezoea kudhani habari za Ghana ni za mbali. Kumbe wafalme wa magharibi na wa mashariki walitupwa katika kapu moja.

Tuje sasa kwenye kurudisha, maana hapo ndipo tunapotaka kusema neno letu. Mwaka 1924 Waingereza walimrudisha Prempeh kwao, lakini si kama mfalme. Alirudi kama raia wa kawaida, Bwana Edward Prempeh. Mtu akarudishwa, ufalme ukabaki mkononi mwao. Mwaka 1926 wakamruhusu kuwa chifu wa Kumasi, si wa Waashanti wote. Mwili wa Yaa Asantewaa na wa wengine waliofia uhamishoni ulirudi nyumbani mwaka 1930. Prempeh akafa mwaka uliofuata. Cheo cha Asantehene kilirudishwa rasmi mwaka 1935, na aliyekipokea ni mrithi wake, Prempeh II. Halafu, karibu miaka 90 baadaye, ikaja dhahabu, kwa kuazimwa. Ukiiangalia orodha hiyo, utaona kwamba kila mara kilichorudishwa kilikuja na kitu kilichozuiwa nyuma. Ni kama mwizi anayerudisha baiskeli leo, tairi mwakani, na kengele ya baiskeli anakukodisha.

Mtakatifu Thoma aliona mbali katika jambo hili. Anakubali kwamba kuna vitu visivyoweza kurudishwa kwa kiasi kilekile: kiungo cha mwili kilichokatwa, jina jema lililochafuliwa. Hapo, anasema, mkosaji arudishe kinachowezekana, kwa fedha au kwa heshima, kadiri mtu mwadilifu atakavyoamua. Miaka 28 ya Prempeh ni kiungo kilichokatwa. Kule kupiga magoti mbele ya watu wake ni jina lililochafuliwa. Hakuna makumbusho yatakayomrudishia Yaa Akyaa kaburi la nyumbani kwa wakati wake. Lakini upanga, nishani au pambo la dhahabu lililomo ndani ya kabati la kioo si kiungo kilichokatwa. Lipo. Lina namba. Linaweza kupakiwa kwenye sanduku na kupelekwa uwanja wa ndege, na tumeshuhudia kwamba linaweza, kwa sababu lilipakiwa na likafika. Kilichoshindikana ni kusema tu: chukueni, ni chenu.

Tuliambiwa mezani kwamba sheria inawabana. Ni kweli, sheria za Uingereza za mwaka 1963 na 1983 zinayazuia makumbusho hayo kutoa vitu vyao isipokuwa kwa sababu chache. Lakini sheria hizo zilitungwa na Bunge la nchi ileile ambayo jeshi lake lilibeba dhahabu. Mtu akifunga mlango wa zizi kwa kufuli lake mwenyewe, kisha akasema ng'ombe wako hawezi kutoka kwa sababu kuna kufuli, tungemwelewa vipi? Tena katika mwaka huohuo wa 2024 makumbusho moja ya chuo kikuu huko Los Angeles, Fowler Museum, yalimrudishia Asantehene vitu saba moja kwa moja, bila mkataba wa kuazimana.

Mwingine alisema Waashanti wenyewe hawakuwa malaika: waliteka majirani zao, waliuza watumwa, na kulikuwa na kafara za watu. Hatukatai. Ufalme wao ulijengwa kwa vita kama falme nyingi, na wazao wa waliouzwa wana madai yao pia. Ila katika maadili hatukufundishwa kwamba dhambi za mtu zinahalalisha kumwibia. Kama ingekuwa hivyo, kila mwizi angeanza kwa kuchunguza dhamiri ya mwenye nyumba.

Hoja iliyotusumbua zaidi ilitoka kwa mwenzetu mkimya, ambaye kwa kawaida hazungumzi mezani. Prempeh, alisema, alijifunza kusoma na kuandika akiwa Shelisheli, akabatizwa katika Kanisa la Anglikana kwa jina la Edward, akawa mwamini mwenye bidii. Mwanga naye alibatizwa. Je, uhamisho haukuwaletea neema? Hapo tulinyamaza kidogo, kwa sababu hatutaki kuidharau neema popote inapotua. Lakini tunamkumbuka Yosefu kule Misri. Aliwaambia ndugu zake kwamba Mungu aligeuza ubaya wao kuwa wema, naye alisema hivyo kama mwenye kuumizwa. Hakuna mahali ndugu zake walipothubutu kumwambia, "Unaona, tulikuuza kwa faida yako." Neema aliyoipata Prempeh ni yake na Mungu wake; aliyemfunga hawezi kuiandika katika hesabu zake. Na tusijidanganye kwamba haya ni ya Waanglikana peke yao. Mwaka 1892 huko Mengo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana kwa bunduki. Msalaba uliingia mahali pengi ukiwa umetanguliwa au kufuatwa na mtutu, na sisi ni watoto wa historia hiyo.

Kwa nini mafrateri wa falsafa wajisumbue na dhahabu ya Ghana? Kwa sababu siku moja, Mungu akipenda, tutakaa katika kiti cha kitubio. Atakuja mama aliyechukua fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, atakuja kijana aliyehamisha mpaka wa shamba la mjane. Tutawaambia warudishe, na tutakuwa sahihi. Zakayo hakumwambia Bwana kwamba ataazima. Alisema atarudisha mara nne. Kama tunamdai mama huyo mpaka shilingi ya mwisho, halafu tunapigia makofi taasisi kubwa kwa kumwazima mwenye mali mali yake, basi tumeanza kufundisha maadili mawili, moja la maskini na jingine la wakubwa.

Kuna jambo moja bado hatujalisema. Mwaka 1925 Waingereza walimjengea Prempeh nyumba ya kuishi huko Manhyia, mjini Kumasi, iwe zawadi baada ya uhamisho wake. Waashanti wenyewe husimulia kwamba wazee waliikataa zawadi hiyo. Walichanga, wakalipa gharama yote ya nyumba, ndipo mfalme wao akahamia. Hawakutaka kupewa kama sadaka na mtu ambaye yeye ndiye mdaiwa. Leo nyumba hiyo ni makumbusho, na ndimo dhahabu ya kuazimwa ilimopangwa.

Frateri aliyeanzisha ubishi bado hatujampata. Anasema kuna bibi wa Kumasi aliyesimama mbele ya vitu vya mababu zake akalia, naye huenda asiishi mpaka Bunge la London libadili sheria. Je, tungependa afe bila kuviona? Tulikubali kwamba hapana, hatungependa. Lakini tulimwuliza, na mpaka leo hajatujibu: miaka ikitimia, nani ataingia Manhyia kuvitia tena ndani ya sanduku, na bibi yule ataambiwa nini?