Jaza maji kwenye tairi kabla ya kupandisha bei ya ekari

Kila msimu wa kulima, wenye matrekta ya kukodisha hutoa sababu moja ya kupandisha bei ya ekari: dizeli. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini si yote. Sehemu ya dizeli huishia kwenye magurudumu yanayozunguka bila trekta kusogea, na mwisho wa yote anayelipa ni mkulima.

Trekta jepesi likivuta jembe la sahani kwenye udongo mgumu, magurudumu huteleza. Yakiteleza kwa asilimia 30, huzunguka umbali wa mita 100 huku trekta likisogea mita 70 tu. Kuteleza kidogo hakuepukiki. Kiwango kinachofaa shambani ni kati ya asilimia 10 na 15. Zaidi ya hapo, mwenye trekta anachoma mafuta na kumaliza tairi.

Dawa ya bei nafuu ni maji. Lita moja ni kilo moja. Kila tairi la nyuma likichukua lita 200, trekta limeongezeka kilo 400. Fundi huinua gurudumu kwa jeki, valvu ikae juu, kisha hujaza maji hadi usawa wake, yaani kama asilimia 75 ya nafasi. Inayobaki ni ya upepo. Ulaya na Marekani, ambako maji huganda wakati wa baridi, wakulima wengi wametumia maji yenye kloridi ya kalsiamu, lakini chumvi hiyo hula rimu. Kwa sehemu kubwa ya Tanzania hatuna haja nayo.

Hata hivyo, tusijaze kwa mazoea. Trekta linaloshinda barabarani na tela hubeba maji hayo bure, na katika majaruba ya mpunga uzito huo hulizamisha na kushindilia udongo.

Hivyo ni vema kupima kwanza. Tia alama kwenye tairi, lima mizunguko 10, kisha rudia umbali uleule jembe likiwa juu. Ukihesabu mizunguko 9 au 8 na nusu, acha lilivyo. Ikikaribia 10, uzito umezidi. Ikiwa 7, ongeza maji kabla hujaongeza bei. Mkulima naye, anayelipa kwa ekari, ana haki ya kuulizia hesabu hiyo.