Pikapu kuukuu za Fizi: amotisa kwanza, kuinua gari baadaye na kwa kiasi

Mwenye pikapu kuukuu anayefanya kazi kati ya Baraka, Fizi na njia zinazopanda kuelekea milima ya Bibokoboko, akipata pesa kidogo, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kuinua gari. Anataka lisimame juu kama magari ya mashirika yanayopita na bendera. Fundi hakatai kazi. Anakata vipande vya chuma, anavipachika chini ya resori, na jioni gari limekuwa refu. Amotisa zilezile zinazovuja mafuta zinabaki mahali pake. Hapo pesa imetumika vibaya, na watakaoilipa ni abiria.

Abiria hao wanajulikana. Tangu Oktoba 2021, vijiji vya Bibokoboko viliposhambuliwa na nyumba kuchomwa, familia nyingi zimeishi ugenini, Baraka na kwingineko, na zinaposafiri hazina gari lao. Mama anapanda juu ya magunia ya muhogo na mabidoni ya mawese, mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshika kamba. Mwingine ni mgonjwa anayeteremshwa hospitali. Gari likikwama njiani, hasara si ya tajiri peke yake. Watu wanabaki porini giza likiingia, mahali ambapo hakuna anayependa kulala.

Ni vizuri kuelewa kwanza amotisa inafanya nini, maana hata madereva wa miaka mingi huchanganya. Amotisa, au shokapu kama wanavyoiita wanaonunua vipuri Kigoma, haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na resori. Kazi ya amotisa ni kutuliza resori isirukeruke: ndani yake pistoni inasukuma mafuta kupitia matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto. Kwenye udongo wenye mawimbi madogo, kama sehemu nyingi za Barabara ya Taifa namba 5 kati ya Uvira na Baraka, pistoni inakwenda na kurudi bila kupumzika. Mafuta yanapata moto, yanatoa povu, na povu haliwezi kutuliza kitu. Kuanzia hapo magurudumu yanadundadunda, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Dereva anasema barabara ni mbaya. Ni kweli ni mbaya, lakini gari nalo limeacha kushika barabara.

Sasa kuinua. Wengi wanaamini gari likiinuliwa sentimita kumi, mawe yote yatapita chini. Kwa Land Cruiser za zamani na Hilux nyingi za kabla ya 1997, zenye ekseli nzima mbele na nyuma, imani hiyo haina msingi. Resori zikiinuliwa, kinachopanda ni bodi. Ekseli na lile bonge la difu katikati yake vinabaki palepale, kwa sababu vimefungwa pamoja na magurudumu. Kinachoinua difu ni mpira mkubwa zaidi tu, na hata huo, ukiongeza kipenyo kwa sentimita 5, difu inapanda sentimita 2 na nusu. Kwa hiyo jiwe lililokuwa linagonga difu jana litaigonga na kesho, ila sasa mzigo na watu wako juu zaidi, na gari ni jepesi kuanguka ubavuni penye mteremko.

Hii haina maana kwamba kuinua ni kosa. Resori zilizobeba mizigo miaka ishirini zimelala, na kuzirudisha kwenye urefu wake, kisha kuongeza kidogo, kunasaidia bodi isiguse udongo na magurudumu yapate nafasi ya kucheza. Sentimita 4 hadi 5 zinatosha. Zaidi ya hapo kila kitu kingine kinaanza kulalamika: shafti za mbele zinapinda kupita kiasi na mipira yake kupasuka, mabomba ya breki yanavutwa, amotisa inafika mwisho wake na kung'oka.

Namna ya kuinua nayo ina maana. Njia safi ni resori mpya, au kuongeza lamu iliyopindwa vizuri katika resori iliyopo, kwa kufuata mzigo ambao gari hubeba siku nyingi, si mzigo wa siku moja ya soko. Resori ya mzigo mkubwa kwenye gari linalorudi tupu inaruka kama mbuzi. Vipande vya chuma kati ya ekseli na resori vinaweza kuvumiliwa nyuma vikiwa vimetengenezwa vizuri. Mbele havifai kabisa, na vya mti havifai popote. Hilux zilizotoka kuanzia 1997 hadi 2005 mara nyingi zina fimbo za chuma zinazojipinda mbele badala ya lamu, na fundi anaweza kuzikaza kwa spana kwa dakika chache. Ni rahisi mno, ndiyo maana inafanywa ovyo. Fimbo zikikazwa sana, gurudumu halina tena nafasi ya kushuka kwenye shimo, na kila shimo linakuwa pigo. Baada ya kazi hiyo magurudumu yapimwe upya, la sivyo mipira mipya inaliwa upande mmoja kabla msimu wa mvua haujaisha.

Kuhusu amotisa zenyewe, wauzaji husifu sana zile za mrija mmoja zenye gesi ya nguvu. Kweli zinapoa haraka. Lakini ukuta wake wa nje ndio pistoni inakopita, na jiwe moja likiubonyeza, pistoni inakwama na amotisa imekufa. Za mirija miwili zenye gesi ya kiasi zina ukuta wa nje unaokinga ule wa ndani, zinavumilia kugongwa. Kwa njia za mawe za Fizi, na kwa mwendo wa polepole unaowezekana huko, hizi za pili ndizo chaguo la busara, zikiwa nene kidogo kuliko zilizotoka kiwandani na ndefu kulingana na urefu mpya wa gari. Zinunuliwe nne, au angalau mbili za ekseli moja kwa pamoja. Mpya upande mmoja na mbovu upande wa pili ni kuvuta gari pembeni. Na majina makubwa kwenye boksi yasimdanganye mtu, maana boksi huigizwa. Amotisa ya gesi ikifunguliwa kamba yake inarefuka yenyewe polepole. Ikibaki imelala, haina gesi, hata kama imeandikwa.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi kabisa, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Hilux nyingi zina valvu ya breki juu ya ekseli ya nyuma, yenye kijiti kinachopima bodi imekaa chini kiasi gani. Bodi ikishuka kwa mzigo, valvu inaruhusu breki za nyuma kushika zaidi. Gari likiinuliwa bila kijiti kurekebishwa, valvu inadhani gari ni tupu. Breki za nyuma zinashika kidogo, za mbele zinabeba kazi yote. Kwa gari linaloteremka kutoka milimani kuelekea ziwani likiwa limejaa watu, mtu hahitaji kuelezwa mwisho wake.

Matajiri wana jibu lao: barabara ni jukumu la serikali, vizuizi ni vingi, mafuta ni ghali, na pesa ya vipuri haitoshi. Yote ni kweli, na serikali haijamaliza deni lake kwa Fizi. Lakini pesa ileile inayokwenda kwenye vyuma vya kuinua sentimita kumi ingenunua amotisa, mipira midogo ya resori, na zile boliti za umbo la U zinazofunga resori kwenye ekseli, ambazo mafundi huzirudishia kuukuu ilhali zimeshavutika. Hizo boliti zikazwe tena baada ya safari chache za kwanza. Kazi ya robo saa.

Vyama vya wasafirishaji vina uwezo wa kuamua mambo mawili bila kungoja Kinshasa: gari lililoinuliwa kupita sentimita 5 lisibebe watu juu ya mzigo, na gari linalovuja mafuta kwenye amotisa lisipangwe foleni kwa njia za milimani. Konvoyeri anaweza kukagua hilo asubuhi kwa kuinama tu na kutazama. Abiria naye anaweza kuinama.